Picha ya Mfupa

Mdogo wangu alikuwa anatapika asubuhi. Mchana hatapiki, jioni hatapiki, usiku analala kama watoto wengine. Lakini akiinuka tu mkekani alfajiri na kukaa kitako, anashika kichwa kwa mikono miwili, anakimbilia uani, anatapika kwenye mchirizi wa maji machafu, na baada ya muda mfupi amepona. Ikifika saa nne anakula kiporo cha wali na kuomba kingine. Mtoto mgonjwa hali hivyo, alisema shangazi, na nyumba nzima ikamuunga mkono, kwa kuwa saa zake za kutapika zilikuwa ndizo saa za kwenda shule.

"Huyu hatapiki chakula," aliwaambia wapangaji. "Anatapika shule."

Tuliishi katika nyumba ya Kiswahili ya zamani, Kariakoo, upande wa Msimbazi, iliyobaki katikati ya maghorofa kama jino la mwisho. Shangazi, dada wa baba, alikuwa na vyumba viwili vya nyuma, na kimoja alitupa sisi. Baba alikufa kwanza. Mama alikufa akiwa bado kwenye eda yake. Tulibaki wawili, mimi na huyu mdogo wangu wa kiume, ambaye nimempita umri kiasi kwamba nilimbeba mgongoni tangu hajatoka meno. Nilikuwa kidato cha pili. Baada ya arobaini ya mama, shangazi alinitazama kwa muda, akasema: "Wewe kusoma unajua, kuandika unajua. Yanatosha. Mwenzako ndiyo bado." Kesho yake nikaenda naye mezani.

Meza yake ilikuwa ya mitumba ya watoto, pembeni mwa barabara inayoshuka kwenda Ilala. Shangazi alisifika kwa jambo moja, kwamba hakuna aliyewahi kumuuzia nguo mbovu. Belo likifunguliwa, alichukua kila nguo, akaitandaza kati ya mikono yake na kuinyanyua juani. Tundu la nondo, mshono ulioachia, doa lililofuliwa likabaki kivuli, yote aliyaona. Nguo aliyoipitisha juani hakuna aliyeirudisha. Wauzaji wengine walikuja na za kwao: "Bi mkubwa, nitazamie hii." Alitazama, akasema nzima au mbovu, na neno lake likawa la mwisho.

Alitulisha, nalo nalisema. Hakuna siku tuliyolala na njaa kwake.

Baada ya kutapika kukaja kuyumba. Mdogo wangu alianza kutembea miguu imepanuka, kama mtu aliye juu ya kitu kinachocheza. Kichwa alikilaza upande mmoja, na ukimnyoosha kinarudi palepale. Watoto wa mtaani wakampa jina: Mlevi. "Mlevi, leo umekunywa wapi?" "Mlevi, ukuta huo!" Fundi simu aliyepanga chumba cha mbele, mtu mzima mwenye mke, alimwambia kila akipita: "Niachie na mimi kidogo, usimalize peke yako."

Shangazi alitafuta dawa ya tabia hiyo. Alichora mstari wa chaki kwenye sakafu ya ukumbi, kutoka mlango wa mbele hadi uani, akamwamuru autembee kila jioni. Wapangaji walikaa milangoni kutazama. Fundi simu alitangaza kama mtangazaji wa mpira: "Anakwendaaa, anamtoka mmoja, anayumba, anaelekea kona, kona!" Watu wakashika mbavu. Mwanzoni mdogo wangu naye alicheka, akidhani mchezo ni wa wote. Akianguka, alirudishwa mwanzo. Akianguka tena, fimbo ya miguuni. Nilipojaribu kumshika mkono, shangazi akaniambia: "Ukimshika, zamu yako nawe inakuja."

Nilimsumbua shangazi mpaka akachoka. Wakati tunapanga meza, wakati tunafunga, wakati wa kula, neno langu lilikuwa moja: mtoto apelekwe akapimwe kichwa. Mwisho akasema: "Haya. Tukampige picha, tumalize maneno."

Tulienda wenyewe, hakuna daktari aliyetutuma. Kule kwetu mtu anaweza kuingia akapiga picha kama anavyoingia kusaga mahindi. Kilikuwa kituo kidogo chini ya ghorofa, na kijana aliyevaa koti jeupe alimsimamisha mdogo wangu mbele ya ubao, akamwambia asipumue, mashine ikalia mara moja, ikawa basi. Akaitazama picha kwenye kioo chenye taa.

"Mifupa iko sawa," akasema. "Sioni ufa. Ila mumpelekee daktari aisome."

"Aisome nini, na wewe umesema hakuna kitu?" shangazi akamuuliza.

"Nimesema mifupa, mama."

"Kichwa si mfupa? Mimi nikikugonga hapa kuna nini?"

Kijana akacheka, akaita mtu mwingine aliyekuwa kwenye foleni.

Tulipofika nyumbani shangazi hakuingia hata chumbani. Alisimama uani, pale jua linapopenya kati ya maghorofa, akaitoa ile picha kwenye bahasha, akaishika kwa mikono miwili na kuinyanyua juu. Wapangaji wakakusanyika. Fuvu la mdogo wangu likawa linaning'inia angani, kijivu, matundu ya macho yakitutazama. Shangazi aliipitia polepole, kutoka utosini hadi taya, kama alivyopitia magauni.

"Hakuna tundu," akasema. "Hakuna ufa. Mishono yenyewe imekaa. Kichwa kizima hiki."

Picha ikapita mkono kwa mkono. Kila mmoja aliinyanyua, kila mmoja alikubali. Tangu siku hiyo mdogo wangu hakuwa na haki ya kuumwa. Shangazi aliiweka ile picha chini ya godoro lake, na mtoto akishika kichwa na kulia, alimuuliza: "Nikuletee picha yako?" Akisema haoni vizuri ubaoni: "Nikuletee picha yako?" Ikafika mahali mtoto akawa analia bila kutoa sauti, akiuma kanga yangu.

Kilichonifungua macho ni Idd. Shule imefungwa, na chuo cha Kurani kimefungwa. Mdogo wangu alikuwa ameisubiri sikukuu hiyo mwezi mzima, kanzu yake mpya imetundikwa ukutani, na alivishwa tayari kwenda kuswali. Alipoinama kuvaa kandambili akatapika. Alitapika juu ya kanzu, kuanzia kifuani mpaka miguuni, kisha akakaa chini akiitazama ile kanzu.

"Leo shule gani, shangazi?" nikauliza. "Leo chuo gani?"

"Alikula vitumbua kama mwizi jana. Mvue hiyo, mvishe ya zamani."

Mchana, watoto walizunguka milangoni kuomba sikukuu. Fundi simu alitoa sarafu akamnyooshea mdogo wangu. Mtoto akapeleka mkono, akakamata hewa, pembeni kabisa ya ile sarafu. Akajaribu tena, akakamata hewa tena. Ukumbi ukalipuka. "Mlevi anaona mbili!" fundi simu akapiga kelele, akaisogeza sarafu huku na huku ili mtoto aifuate kwa mkono. Nilimwondoa. Nyuma ya mlango wa chumba chetu akaniambia kwa sauti ndogo: "Dada, zilikuwa mbili kweli."

Nilimwamini. Siku ya kwanza baada ya sikukuu sikwenda mezani. Nilichukua ile picha chini ya godoro, nikamchukua na mdogo wangu, nikampeleka kliniki ya macho, karibu na Posta. Nilidhani tutapewa miwani.

Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo, mkavu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alimtia mdogo wangu dawa ya kupanua mboni, tukangoja, kisha akamwinamia na kile kitochi chake, paji la uso karibu ligusane na la mtoto. Alitazama jicho la kulia, akaenda la kushoto, akarudi la kulia. Akazima kitochi.

"Anatapika?"

"Asubuhi, daktari."

"Tangu lini?"

Nilipomwambia, alivuta pumzi kwa pua. "Hapa hakuna miwani. Mishipa ya macho imevimba huko nyuma. Kitu kinakandamiza kichwani. Anatakiwa picha ya kichwa, tena haraka."

"Tumeshapiga," nikasema, nikamtolea bahasha.

Aliitoa nusu tu, akairudisha. "Hii ni picha ya mfupa. Ubongo hauonekani kwenye hii. Ni sawa na kuupiga ukuta wa nyumba picha, ukauliza ndani kuna nani." Akaandika, akapiga muhuri. Halafu akaniuliza, kwa ukali ambao mpaka leo sijui ulikuwa wa kwangu au wa dunia: "Nyie watu mnangojaga nini?"

"Ataacha kuona?" nikauliza.

"Anaanza kuacha. Ndiyo maana nakwambia haraka."

Tangu dakika hiyo nilijua ninakimbizana na nini. Macho yake yalikuwa bado yapo, na yalikuwa yanaondoka.

Nilimweleza shangazi. Alinisikiliza huku akikunja nguo. "Kwa hiyo mimi sijui kutazama?" akasema. Nikamwambia ile ilikuwa picha ya mfupa, ubongo una mashine yake. "Mashine ya kuwachoma watoto vichwa. Kaka yangu kaniachia mtoto mwenye kichwa kizima. Ukimpeleka huko, lolote litakalomkuta ni lako." Nikamjibu ni langu. Hakunizuia, wala hakunisaidia. Kuhusu malipo nitasema tu kwamba niliuza nilichokuwa nacho, na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ikasamehe kilichobaki.

Hospitali kubwa ilitupangia tarehe, na tarehe ikasogezwa, mashine ilikuwa imeharibika. Kila asubuhi nilimnyooshea mdogo wangu vidole kutoka upande wa pili wa chumba. Mwanzoni alivihesabu akiwa mbali. Baadaye nikawa nasogea. Mwishoni nilisimama mbele yake kabisa na bado alikosea, halafu alikasirika akasema namchezea.

Siku ya kipimo tulimkuta fundi wa mashine ya MRI, mwanamume mnene mwenye haraka. Alitueleza mara moja tu. Mtoto anaingia ndani ya tundu la mashine, kichwa kinawekwa kwenye kofia ya plastiki, mashine inapiga kelele kubwa, na asitikisike hata kidogo. Akitikisika, picha inaharibika. Watoto wadogo hulazwa kwa dawa ya usingizi, lakini mtaalamu wa usingizi hayupo, na kumngoja ni kurudi kwenye foleni upya.

"Atatulia," nikasema.

Mdogo wangu alikuwa anatetemeka. Nikamwinamia: "Ukisikia kelele, soma sura zako kimoyomoyo. Zote unazozijua. Ukimaliza, rudia." Nilidhani nimempa kitu bora kuliko vyote nilivyokuwa navyo.

Mashine ikaanza, kama watu wanaogonga mabati. Nilisimama nje ya mlango, na punde si punde fundi akatoka.

"Binti, mwanao anacheza huko ndani."

"Si mwanangu, ni mdogo wangu. Hachezi."

"Anatikisa kichwa. Mbele nyuma, mbele nyuma. Njoo uone." Akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta. Palikuwa na ukungu tupu, kama uso wa mtu aliyepita mbio.

Nikaelewa. Mdogo wangu alijifunza Kurani pale anapojifunza kila mtoto wa kwetu, kwenye jamvi, amekaa na wenzake, wote wanayumba kwa pamoja na kila aya. Mwalimu aliwafundisha kwa kuyumba na aliwachapa waliokaa kama magogo. Mtoto hajui kuna kusoma bila kuyumba. Nilikuwa nimemtuma atikisike.

"Nikampange upya," nikamwambia fundi. "Mara moja tu."

"Dada, nina watu huko nje wenye kansa, wana ajali. Kachukue tarehe ya usingizi."

"Sitoki hapa."

"Utatolewa na mlinzi."

"Aje mlinzi. Huyu akitoka hapa leo, akirudi haoni."

Alinitazama, akatukana kidogo, siyo mimi hasa, kisha akasema nivue hereni na pini zote, niingie naye. Niliingia. Mdogo wangu alikuwa amelala chali, macho yamefumbwa, midomo inakwenda. Ilibidi nimwambie jambo ambalo sikuwahi kufikiri mdomo wangu ungelitamka.

"Acha kusoma."

"Nimefika katikati, Dada."

"Iache katikati. Usisome chochote. Wewe sasa ni mdoli wa pale mezani, ule tunaouvisha nguo. Mdoli anasoma?"

"Hasomi."

"Anapumua?"

"Mdoli hapumui, Dada. Mimi nitakufa."

"Pumua kidogo tu, kama anayeiba."

Akatabasamu. Nikamshika vidole vya mguu, na mashine ikaanza kugonga. Hakutikisika. Iligonga, ikanyamaza, ikavuma, ikagonga tena, na yeye alilala pale kama kitu kisicho na mwenyewe. Tulipotoka, fundi alikuwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri. "Umeona? Picha nzuri sana hizi. Safi kabisa. Hata watu wazima hawatulii hivi."

Picha nzuri zilisomwa haraka. Daktari wa upasuaji alikuwa kijana, akatugeuzia kompyuta. Akanionyesha kisogo, ubongo mdogo ulipo, ule unaomfanya mtu atembee bila kuyumba. Palikuwa na donge jeupe, kubwa kama ndimu, limekaa penye njia ya maji ya ubongo na kuiziba. Juu yake maji yalikuwa yamejaa, meusi, yamesukuma kila kitu pembeni. Kwa nini asubuhi, nikauliza. Akasema mtu akilala, msukumo wa kichwani hupanda, akiinuka na kutapika hupungua. Kumbe mtoto alikuwa anasema kweli kila alfajiri, kwa tumbo lake, mbele ya watu wote.

Walimpitishia kwanza mpira mwembamba chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, ili maji yapate pa kwenda. Baadaye wakamfungua kisogo wakalitoa donge. Likapimwa, likaonekana ni kansa, akapigwa mionzi, nywele zikadondoka kwenye mto. Aliishi. Kutapika kukaisha siku ileile alipowekewa mpira. Lakini macho, ambayo alipoingia chumba cha upasuaji yalikuwa bado yanatofautisha dirisha na ukuta, hayakurudi. Wiki zilivyopita, hata dirisha likapotea.

Nilimfuata daktari kwenye korido.

"Wengine maji yakipungua wanaona tena," akasema. "Wengine mishipa inakuwa imeshakauka. Huyu imekauka."

"Tungekuja kabla ya Idd?"

"Pengine."

"Na siku ile tulipopiga picha ya mfupa?"

"Hilo sitakujibu, dada." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Siku ile alikuwa anausoma ubao?"

"Kwa shida. Lakini alikuwa anausoma."

"Basi umeshajijibu."

Tulirudi nyumbani saa za alasiri. Shangazi alipomwona mtoto anaingia akipapasa ukuta wa ukumbi, alijipiga mapaja na kupiga yowe, milango yote ikafunguliwa. "Alitoka hapa anaona! Nyie wote mashahidi! Alitoka hapa na macho yake, kanirudishia kipofu!" Nikasema ni uvimbe. Nikasema ni maji. Nikaeleza mpaka sauti ikakauka, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwenye kesi. Kwa hesabu yao jambo lilikuwa jepesi. Picha yao ilionyesha kichwa kizima, mimi nikampeleka kwenye mashine na visu, akatoka hana macho. Fundi simu hakumwita tena Mlevi. Alisema, kwa huruma ya kweli, "Masikini, wamempofusha," na akaninyooshea kidole mimi.

Katika chumba cha kati kulikuwa na mama mwenye binti aliyeanza kuanguka kifafa. Zahanati walimwambia akampige binti picha ya ubongo. Nilikwenda kumwambia nitamsindikiza, naijua njia yote, naijua hata mashine. Alinisikiliza akiwa ameshika mlango. "Wa kwako umeshampeleka," akasema. "Wangu niachie." Akafunga.

Kila baada ya miezi narudi hospitali na mdogo wangu, atazamwe kama donge limeota tena. Hatumuagi mtu. Shangazi anatuona tunatoka, anageuza uso. Mdogo wangu amerefuka, na siku hizi hanishiki mkono, anashika mkoba wangu. Anaingia kwenye mashine peke yake. Mara ya mwisho daktari alinionyesha picha, akasema ni safi, hakuna kilichoota. Tulikaa kwenye benchi la nje, nikamnunulia juisi.

"Umeiona picha?" akaniuliza.

"Nimeiona. Hakijarudi."

"Pale kilipokuwepo pana nini?"

"Pana nafasi. Nyeusi. Daktari anasema ni maji tu."

Akanywa. "Fundi simu anasema mimi naona nyeusi."

"Kwani hujui unachokiona?"

"Si nyeusi, Dada. Nyeusi naikumbuka. Hii siyo rangi." Akamaliza juisi, akaliminya boksi mpaka likalia. "Shangazi anasema ungeniacha, macho ningekuwa nayo."

"Ungekuwa umekufa."

"Najua. Lakini ningekuwa nayo."

Watu walipita na bahasha zao kubwa, wengine wamezishika kifuani.

"Safari ijayo siji," akasema.

"Utakuja."

"Sitaki. Utanibeba?"

"Nitakubeba."

"Mimi mzito sasa."

"Inuka," nikamwambia, "gari letu hilo linajaa," naye akainuka, akautafuta mkoba wangu hewani, akaukosa, akautafuta tena.